Mbizi za Mwanzo wa Msimu Kwenye Meli Zilizozama Majini Baridi, na Utunzaji wa Maboya Yake: Mwongozo kwa Wapiga Mbizi wa Nairobi

Wapiga mbizi wengi wa Nairobi hupata mafunzo ya kwanza katika mabwawa ya kuogelea ya jiji, huhitimu Diani, Watamu au Mombasa, na kwa miaka kadhaa huijua bahari ya joto peke yake. Kisha nafasi ya safari hutokea, iwe ni masomo Ontario, Kanada, au kumtembelea jamaa anayeishi Michigan, Marekani, na mtu hujikuta amealikwa kuiona merikebu ya karne ya 19 iliyolala ndani ya ziwa ambalo barafu yake imeyeyuka majuma machache tu yaliyopita. Mara nyingi mwaliko wa mwezi wa Mei huja pamoja na kazi, kwa sababu wenyeji wa maeneo hayo hutumia mbizi za kwanza za mwaka kurudisha maboya ambayo mashua zitafungwa msimu mzima. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu huyo. Jambo kuu ninalolisisitiza ni kwamba anayeshuka wa kwanza baada ya majira ya baridi hapaswi kuiamini kamba aliyoikuta mpaka aikague yeye mwenyewe hadi chini. Na kwa kuwa baridi hupunguza wepesi wa akili na wa vidole, ukaguzi huo hupangwa na kufanyiwa mazoezi mtu akiwa bado Nairobi.

Maji ya nyuzi 4

Maziwa Makuu ya Amerika ya Kaskazini huhifadhi meli za mbao kwa namna ambayo bahari yetu haiwezi. Maji yake ni baridi na hayana chumvi, kwa hiyo wale viumbe wa baharini wanaotoboa mbao, ambao mafundi wa majahazi wa Lamu wamepambana nao kwa vizazi vingi kwa kupaka deheni, hawaishi humo. Ndiyo maana katika bandari ndogo ya Tobermory, Ontario, mtu anaweza kuiona Sweepstakes, merikebu iliyozama mwaka 1885, ikiwa bado na umbo lake katika kina cha takriban mita 6 tu, na nje kidogo ya hapo akaifikia Arabia, iliyozama mwaka 1884 na kulala katika kina cha kama mita 34. Meli zote mbili zimo ndani ya hifadhi ya Fathom Five iliyoanzishwa mwaka 1987, na mpiga mbizi hutakiwa kujiandikisha kabla ya kuingia majini. Upande wa Marekani, hifadhi ya Thunder Bay karibu na mji wa Alpena, Michigan, ilitangazwa mwaka 2000 na kupanuliwa mwaka 2014, na ndani yake zinajulikana meli zinazokaribia 100.

Maji huwa mazito zaidi yanapofikia takriban nyuzi 4 za Selsiasi, na kwa sababu hiyo vilindi vya maziwa haya hubaki karibu na kiwango hicho mwaka mzima. Julai, tabaka la juu huwa limepata joto. Mpiga mbizi hulipita akishuka, na akipanda hulikuta tena wakati wa kusimama kwa usalama kwenye mita 5. Mei tabaka hilo halijaumbika. Baridi ni ileile juu, katikati na chini, na zile dakika za mwisho, ambazo mwili tayari umechoka kutoa joto, hupitishwa katika maji yaleyale yaliyokuwa sitahani pa meli. Tofauti hiyo moja inatosha kubadilisha mpango mzima wa mbizi. Faida ya kuja mapema ni kwamba vijimea vya majini bado havijasitawi, hivyo maji mara nyingi huwa maangavu, na mtu anaweza kuiona meli kutoka omo hadi tezi kwa jinsi ambayo Agosti huenda isiwezekane.

Wapo pia kome wa milia, waliogunduliwa katika maziwa hayo mwaka 1988, pamoja na ndugu zao kome wa kwaga waliofuata. Huchuja maji yakawa maangavu zaidi, lakini hujibandika juu ya kila kitu kigumu, kuanzia mbao za meli hadi minyororo na maboya yenyewe. Magamba yao hukata glavu na suti, na uzito wao huweza kulizamisha boya taratibu bila mtu kutambua.

Maandalizi yanayofanyika Nairobi

Suti kavu, yaani ile inayozuia maji yasifike mwilini kabisa, haipatikani kwa urahisi hapa kwetu, na wengi huikodi wanakofikia. Hilo halina ubaya, mradi mtu asiivae kwa mara ya kwanza juu ya meli iliyo kwenye mita 30. Mafunzo yake yapangwe huko huko, katika maji mafupi, siku moja kabla au zaidi, na yahusishe hasa namna ya kutoa hewa iliyokimbilia miguuni, kwa sababu hewa hiyo humgeuza mtu kichwa chini na kumpandisha kwa kasi.

Mavazi ya ndani ndiyo yanayoleta joto, wala si suti yenyewe. Hapa mkazi wa Nairobi ana bahati: katika mitumba ya Gikomba na Toi hupatikana fulana na suruali ndefu za sufi halisi zilizotoka kwa watu wa nchi za theluji, kwa bei ambayo huko zitokako ni ndoto. Chagua sufi au kitambaa cha manyoya bandia. Epuka pamba, kwa kuwa pamba ikishapata jasho hukaa na unyevu karibu na ngozi. Chukua pia soksi nzito mbili, na uhakikishe kwamba viatu utakavyokodi vina nafasi ya kuzipokea bila kubana, maana mguu uliobanwa hupoteza joto haraka.

Katika bwawa, zoezi lenye thamani kuliko yote ni kufanya mambo ya kawaida ukiwa na glavu nene. Funga na kufungua vali za mtungi nyuma ya kichwa, badilisha regulata, yaani kifaa cha kuvutia pumzi kutoka kwenye mtungi, kutoka ya kulia hadi ya kushoto, toa kisu na ukirudishe, fungua shakeli na kuifunga tena bila kuangusha pini. Shakeli, ile pingu ya chuma yenye pini ya kusokota, huuzwa katika maduka ya vyuma ya Eneo la Viwanda. Nunua mbili za ukubwa tofauti na uzifanye kuwa vifaa vya mazoezi. Ukiwa nyumbani, tia barafu kwenye ndoo ya maji, ingiza mikono ndani ya glavu utakazotumia, kisha ujaribu kazi hiyo hiyo bila kutazama. Atakayefanya hivyo kwa juma moja ataelewa kwa nini kazi ya dakika mbili pwani ya Kenya hupangiwa dakika kumi ndani ya ziwa.

Kumbuka pia kwamba bwawa la Nairobi liko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, ambako shinikizo la hewa ni kama asilimia 82 ya lile la ufuoni. Kompyuta ya mbizi, ile inayofuatilia kina na muda, ambayo haijitambulii mwinuko yenyewe irekebishwe kabla ya kuingia hata bwawani, na irejeshwe unapofika ziwani: uso wa Ziwa Huron uko mita 176 tu juu ya usawa wa bahari, hivyo mbizi za huko huhesabiwa kama za ufuoni.

Jambo la mwisho la kupanga nyumbani ni uzito. Maji yasiyo na chumvi ni mepesi kuliko ya bahari kwa takriban asilimia 2.5, kwa hiyo mtu ambaye yeye na vifaa vyake wana kilo 110 atahitaji kupunguza karibu kilo 3 kutoka kwenye hesabu ya baharini. Suti kavu na mavazi yake huongeza mahitaji hayo tena, mara nyingi kuliko kiasi kilichopunguzwa. Usibuni, pima ufukoni kwa mtungi uliokaribia kuisha.

Regulata inayoganda

Hewa inapotoka kwenye mtungi wenye shinikizo la baa 200 na kushuka hadi takriban baa 10 ndani ya hatua ya kwanza ya regulata, ile sehemu inayofungwa kwenye vali ya mtungi, hupoa sana. Katika maji ya nyuzi 28 hilo halionekani. Katika maji ya nyuzi 4, unyevu au maji yaliyo karibu na sehemu zinazosogea huweza kuganda, vali ikashindwa kufunga, na hewa ikaanza kumiminika bila kukoma. Kiwango cha Ulaya kiitwacho EN 250 huhesabu maji yaliyo chini ya nyuzi 10 kuwa maji baridi, na regulata isiyofaulu jaribio la baridi huwekewa alama inayosema ni ya maji yenye joto zaidi ya nyuzi 10. Itafute alama hiyo. Regulata nzuri ya Diani inaweza kuwa haifai kabisa Tobermory, na hilo halimaanishi kwamba ni mbovu.

Tabia njema hupunguza hatari hata kwa vifaa bora. Usivute pumzi kupitia regulata ukiwa bado juu ya mashua katika hewa ya baridi kali. Ingiza hatua ya pili, ile sehemu inayokaa mdomoni, majini kwanza. Usibonyeze kitufe cha kutoa hewa kwa nguvu. Unapoongeza hewa kwenye suti au kwenye fulana ya kuelea, fanya kwa vipindi vifupi, na kamwe usifanye hivyo wakati uleule unapovuta pumzi, kwa kuwa ni mahitaji hayo mawili kwa pamoja yanayoifikisha hatua ya kwanza kwenye kuganda. Muhimu zaidi ni kuwa na regulata mbili zenye hatua za kwanza tofauti juu ya vali mbili tofauti. Moja ikianza kumimina, unahamia ya pili, unaifunga vali ya iliyoganda, unampa ishara mwenzako, na mbizi imekwisha hapo. Anayetegemea vali moja atalazimika kupanda huku hewa yake yote ikimtoroka, na sioni meli yoyote inayostahili hatari hiyo.

Mwili

Maji huondoa joto mwilini kwa kasi ya takriban mara 25 kuliko hewa. Kwa mtu anayeanguka majini bila suti ifaayo, mtafiti Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba ameeleza kanuni rahisi kukumbuka: dakika 1 ya kutuliza pumzi baada ya mshtuko, dakika 10 za kuweza kusogeza mikono na miguu kwa manufaa, na saa 1 hivi kabla ya kuzirai kwa sababu ya baridi. Kanuni hiyo inawahusu pia walio juu ya mashua. Nahodha na msaidizi wake wavae maboya ya kujiokoa muda wote, na wasiegemee ukingoni kuvuta kamba bila kushikiliwa.

Kwa mpiga mbizi mwenye suti kavu tatizo huja polepole. Vidole hufa ganzi kwanza, kisha hesabu rahisi huwa ngumu, na mtu huanza kuyaona mambo mengi kuwa hayana haja. Hali hiyo ndiyo ninayoiogopa zaidi, kwa sababu mhusika haitambui. Kwa hiyo kikomo cha muda huwekwa kabla ya kushuka na husimamiwa na mwenzake. Kwa mbizi ya kwanza ya mwaka, dakika 20 hadi 25 kutoka kuondoka juu hadi kuanza kupanda zinatosha sana.

Baridi pia hugusa suala la naitrojeni, gesi ya hewa ambayo mwili huipokea chini ya shinikizo na kuitoa wakati wa kupanda. Anayekuwa na joto chini na kisha kupoa wakati wa kupanda hutoa naitrojeni polepole kuliko alivyoipokea, na majaribio ya Jeshi la Majini la Marekani yalionyesha kwamba mpangilio huo huongeza hatari ya ugonjwa wa kupungua kwa shinikizo, unaoletwa na viputo vya gesi hiyo mwilini. Ndiyo sababu fulana za umeme zinazotumiwa vibaya zina hatari yake: zikiwashwa kwa nguvu mwanzoni na betri kuisha njiani, humpeleka mtu moja kwa moja katika hali hiyo. Panga mbizi kwa uangalifu zaidi kuliko kompyuta inavyokuruhusu, na ujue kabla ya kuondoka gatini chumba cha shinikizo kilicho karibu kiko wapi na oksijeni ya mashuani imewekwa wapi. Ukishatoka majini, vua, jikaushe, vaa kofia, unywe chai ya moto yenye sukari. Chupa ya chai iwe sehemu ya vifaa rasmi vya mashua. Pombe isiwepo, na kuoga maji ya moto sana mara baada ya mbizi kungoje.

Boya na viungo vyake

Nanga inayotupwa juu ya meli ya mbao huvunja kile ambacho maji yamekihifadhi kwa zaidi ya miaka 100. Ikiburuzwa hung'oa mbao za sitaha, huangusha milingoti iliyosalia, na kila mashua inayofuata huongeza uharibifu. Boya la kudumu huondoa haja ya nanga, na humpa mpiga mbizi kamba ya kushuka na kupandia. Katika kazi yote ninayoijua ya kutunza meli zilizozama, hakuna inayoleta faida kubwa kwa gharama ndogo kama hii.

Anza na kitu kilicho chini. Mara nyingi ni tofali kubwa la zege lililowekwa kando ya meli, kamwe si juu yake, na kamba haipaswi kufungwa kwenye mbao au chuma cha meli yenyewe. Watu wengi hukosea hesabu ya uzito wake: zege lina uzito wa kama mara 2.4 ya maji, kwa hiyo tofali la kilo 1,000 nchi kavu hubakiwa na takriban kilo 580 likiwa ndani ya ziwa. Mashua kubwa yenye upepo wa ubavuni huweza kuliburuza. Kwenye mwamba mgumu hutumika njia nyingine, ya kuchimba tundu na kuingiza fimbo ya chuma iliyofungiwa kwa saruji au gundi maalumu, ambayo John Halas aliianzisha Key Largo, Florida, mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kulinda matumbawe.

Kutoka kwenye tofali hupanda shakeli, kipande cha mnyororo, kiungo cha kuzunguka kinachozuia kamba isijisokote, kisha kamba ndefu. Nailoni huzama na kunyumbuka, hivyo hupokea mivuto ya mawimbi vizuri. Polipropilini huelea, na ikilegea juu ya maji hutafuta rafadha ya mashua. Mita chache chini ya uso huwekwa boya dogo la kati, ambalo kazi yake ni kuinua kamba ili sehemu iliyolegea isisuguane na meli. Juu kabisa ni boya lenyewe na kamba fupi yenye kitanzi ambayo nahodha huinyakua. Marekani boya la kufungia mashua ni jeupe lenye mkanda wa buluu, na Kanada ni jeupe lenye rangi ya chungwa sehemu ya juu. Jifunze rangi hizo ili usije ukaifunga mashua kwenye boya la kuongozea meli.

Barafu ingesaga kila kitu kilicho usoni, kwa hiyo kabla ya majira ya baridi maboya ya juu huondolewa na kamba huachwa ikishikiliwa na boya la kati chini ya kina ambacho barafu hufikia, au hulazwa chini kabisa. Kazi ya Mei ni kuitafuta kamba hiyo, kuikagua na kuirudishia boya.

Ukaguzi na kazi yenyewe

Katika safari ya kwanza mashua haifungwi kwenye kamba ya mwaka jana. Dondosha kamba yako yenye uzito na boya lake, kando ya meli na si juu yake, nahodha abaki usukanini na injini tayari, na wapiga mbizi wawili washuke kwa kamba hiyo mpya. Mmoja hufanya kazi. Mwingine hashiki spana hata kidogo, bali husimamia muda, hewa na taa, na huandika kwenye kibao. Mgawanyo huu usivunjwe kwa sababu kazi imekuwa ngumu, kwani hapo ndipo msimamizi anapohitajika zaidi.

Nenda kwanza kwenye kina kikubwa. Tazama kama tofali limesogea, na alama ya mburuzo mchangani itakuambia limetoka upande gani. Kwangua kome kwenye shakeli ya chini kwa kisu butu, kisha usogeze pini kwa mkono: ikizunguka, waya wake umekatika. Pini yoyote iliyo chini ya maji hufungwa kwa waya ili isijifungue kwa mtikisiko, na ncha za waya hukunjwa kwa ndani, la sivyo zitapasua glavu ya mtu mwingine. Usichanganye metali. Shakeli ya chuma kisichoshika kutu ikiunganishwa na mnyororo uliopakwa zinki hula zinki hiyo, na baada ya misimu michache mnyororo unaoonekana mzima huwa umekwisha pale walipogusana.

Mnyororo hauchakai sawasawa. Sehemu inayoinuka na kulala sakafuni kila wimbi linapopita huchakaa mapema kuliko nyingine zote, na ndiyo inayopaswa kupimwa kwa kipimo cha unene, kwa kuwa macho chini ya maji hudanganya. Pete iliyopoteza theluthi moja ya unene wake mimi huiondoa bila kungoja mwaka mwingine. Kwenye kamba, pitisha mkono taratibu ukipanda, utafute nyuzi zilizokatika, mahali palipokakamaa, na hasa kitanzi cha chini. Ndani ya kitanzi pawe na pete ya chuma ya kuilinda kamba isisagwe. Pale kamba inapoweza kugusa kitu, ivalishwe kipande cha mpira wa bomba la zimamoto.

Kubadilisha mnyororo au kuinua boya lililojaa kome huhitaji mfuko wa kuinulia. Lita 1 ya hewa huinua takriban kilo 1, na hewa hiyo hupanuka inapopanda: mfuko uliojazwa nusu kwenye mita 30 utakuwa umejaa kwenye mita 10, na kuanzia hapo kasi yake hudhibitiwa na vali ya kutolea hewa pekee. Usiufunge mfuko mwilini mwako, usitumie fulana yako ya kuelea kama mfuko, na usipite chini ya kitu kinachoinuliwa. Na hapa baridi inarudi kwa namna ambayo mtu wa pwani hawezi kuikisia: kujaza mfuko kwa regulata yako ya akiba katika maji ya nyuzi 4 ni njia ya uhakika ya kuigandisha, maana hewa nyingi hupita kwa mkupuo mmoja. Beba mtungi mdogo wa pekee kwa kazi hiyo, wenye regulata yake, usioutegemea kwa pumzi.

Kuingia ndani ya ngama au vyumba vya meli kusiwemo kwenye mbizi ya kazi, hata mlango ukiwa wazi namna gani. Kamba zilizolegea, tope lililotulia miezi mingi na vidole vilivyokufa ganzi havipatani. Kila mmoja awe na vifaa viwili vya kukatia, kimoja kifuani ambapo mkono wowote unaweza kukifikia.

Pwani ya nyumbani

Ustadi huu wote una kazi Kenya. Hapa msimu huanza kusi inapoishiwa nguvu kuanzia Septemba, na maboya yaliyopigwa na mawimbi ya miezi hiyo huwa yamechakaa kwa njia zilezile. Meli ya Dania, iliyokuwa ikisafirisha mifugo na kuzamishwa kwa makusudi karibu na Mombasa mwaka 2002 ili iwe makao ya samaki, hutembelewa katika kina cha kama mita 30, na kila mashua inayoifikia inahitaji kitu cha kujifungia kisichokuwa nanga yake. Tofauti kubwa ni maji kupwa na kujaa: Maziwa Makuu hayana mabadiliko hayo kwa kiwango cha kuhesabika, ilhali pwani yetu maji ya bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Urefu wa kamba hupimwa kwa maji yaliyojaa ya bamvua, na boya la kati hukaguliwa wakati wa kupwa, ambapo ulegevu ni mkubwa zaidi. Chumvi nayo huongeza kutu, kwa hiyo ukaguzi wa mara moja kwa mwaka hautoshi.

Hakuna anayepaswa kutia boya jipya kwa hiari yake. Ndani ya hifadhi za bahari kama Kisite-Mpunguti, Watamu na Malindi mwenye mamlaka ni Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, na mabaki ya meli za kale hulindwa na sheria ya mwaka 2006 ya makumbusho na turathi. Omba ruhusa mapema, ukiwa na mchoro unaoonyesha kina, aina ya sakafu, uzito wa tofali na ukubwa wa mashua utakayoiruhusu. Baada ya kila ukaguzi andika tarehe, unene wa pete iliyochakaa zaidi, kilichobadilishwa na kilichoachwa, na nakala ibaki kwa nahodha anayelitumia boya hilo kila siku, kwani yeye ndiye atakayeona mapema likianza kukaa chini kuliko kawaida.

Safari ya kurudi Nairobi ni sehemu ya mbizi. DAN, shirika la usalama wa wapiga mbizi, hupendekeza kungoja angalau saa 12 baada ya mbizi moja isiyohitaji kusimama kwa lazima wakati wa kupanda ili kutoa naitrojeni, na angalau saa 18 baada ya mbizi za kurudiarudia au za siku kadhaa, kabla ya kupanda kwenye mwinuko wa kati ya takriban mita 600 na 2,400. Waliosimama kwa lazima hungoja zaidi ya hapo. Nairobi imo ndani ya mipaka hiyo. Watu huikumbuka kanuni hii kwa ndege na kuisahau kwa treni ya SGR na mabasi ya usiku, ingawa njia zote mbili humpandisha mtu kutoka ufuoni hadi mwinuko wa jiji kwa muda wa saa chache. Aliyefanya kazi ya boya Jumamosi na Jumapili asubuhi asikate tiketi ya treni ya Jumapili alasiri; akate ya Jumatatu mchana, na anayeendelea hadi Limuru, penye mwinuko wa zaidi ya mita 2,200, angoje muda zaidi kabla ya kuanza safari.